Kufuli Juu ya Michoro ya Usta Wagdi

Usta Wagdi Abu Samra, fundi mchoraji wa samani wa Dumyati, alipoketi mbele ya kompyuta yake mpya Jumamosi ile, hakuwa na wasiwasi wowote. Ile ya zamani ilikuwa imeungua siku umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika, lakini fundi wa mtaani aliokoa michoro yote na kuihamishia kwenye hii. Vitanda, makabati, viti vya sebuleni, meza za kujipambia: karibu miaka ishirini ya kazi ilikuwa mle ndani. Alichomeka kile kiufunguo chake kidogo cheusi cha leseni, akaiweka upya programu yake ya kuchorea, akabonyeza, akangoja. Kioo kikamwandikia kwamba leseni yake haitambuliki tena, na kwamba toleo alilo nalo limestaafishwa. Awasiliane na wakala.

"Limestaafishwa," alimwambia mkewe Insaf, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. "Programu imestaafu kabla yangu mimi."

"Na pensheni yake anakula nani?" Insaf akauliza bila kuinua macho.

Wagdi alicheka kidogo. Ilikuwa ni asubuhi bado, na alidhani ni jambo la kupiga simu mara moja likaisha.

Kazi iliyokuwa inamngoja ilikuwa ya Bi Ulfat, mwenye nyumba ya wageni kule Ras el-Bar, pale mto unapokutana na bahari. Miaka tisa nyuma Wagdi alimchorea vitanda ambavyo wageni hadi leo wanavipiga picha: ubao wa kichwani wenye kware wawili wamejificha kwenye matete, mmoja amechungulia, mwingine anaonekana mgongo tu. Sasa Bi Ulfat alikuwa ameongeza ghorofa na anataka vitanda kumi zaidi kabla watu wa Kairo hawajaanza kumiminika pwani wakati wa joto. "Viwe ndugu wa tumbo moja na vile," alisema kwenye simu. "Mgeni wangu asije akasema huku juu amelazwa kwa mama wa kambo." Kwa miaka miwili iliyopita Wagdi alikuwa hajapata kazi ya maana. Maduka makubwa ya Dumyati yalikuwa yanapata samani rahisi za mbao za kubandika kutoka ng'ambo, na wachoraji wenzake wengi walikuwa wamehamia kuuza vifuniko vya simu. Vitanda kumi vya kware vilikuwa ndivyo vitakavyomwonyesha yeye mwenyewe kwamba bado ni mchoraji. Na kware walikuwa wamefungiwa ndani ya programu iliyostaafu.

Mtu asiyejua Dumyati ya zamani hatajua kwa nini Wagdi alikasirika kama alivyokasirika, kwa hiyo inabidi kurudi nyuma.

Alitoka shuleni akiwa bado mdogo na kwenda kwa Usta Gharib, mchoraji wa mtaa wa maseremala, mtu mwenye tumbo kubwa na mkono mwepesi, aliyechora mguu wa kiti kwenye mbao nyembamba kwa penseli ya seremala huku akizungumza habari za mpira. Mchoro ukikamilika, mbao inakatwa kwa umbo lake, inatobolewa tundu, inatundikwa kwenye msumari ukutani. Hiyo ndiyo stampa. Seremala akitaka kiti cha aina ile anakuja, analipa mara moja, anaondoka na stampa kwapani. Kuanzia hapo ni yake. Akiitumia mwaka, akiitumia mpaka wajukuu, ni yake. Ikitokea kiti kinayumba, Usta Gharib atavaa viatu vyake na kwenda karakana ya mtu huyo, atainama, atachungulia miguu, atarekebisha mstari kwa mkono wake, na akiulizwa bei atakasirika. "Niliuza kiti," alikuwa akisema. "Sikuuza kitu kinachoyumba."

Ndivyo ilivyokuwa na mashine pia. Msumeno wa utepe au kerezo ulikuwa na mtu wake, Fahmi, aliyepita na baiskeli akiwa na kopo la mafuta limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Angeingia karakana, asalimie, asimame tu pembeni ya mashine inayozunguka, aisikilize. Ikiwa nzima, anakunywa chai na kwenda zake, na hakuna aliyethubutu kumlipa. Ikiwa na kikohozi, anavua shati. Pesa ilikwenda kwenye mkono uliopata mafuta. Hakuna aliyewahi kuandika sheria hiyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza kwamba ingewezekana kufanya vingine.

Kisha zikaja kompyuta, na akaja Tamir Qindil.

Tamir wakati huo alikuwa muhandisi kijana, Bashmuhandisi kama wateja walivyomwita, aliyevaa shati la kunyooshwa vizuri, wakala wa programu ile kwa Dumyati na Mansura. Alikuja nyumbani kwa Wagdi na kompyuta ya kubeba, akamchorea kabati mbele ya macho yake, akaligeuza, akalifungua milango, akalipaka rangi ya jozi. Insaf aliwapikia bata wa kujazwa vitunguu. Tamir alikula bata yule kama mtu aliyetoka jeshini, na kati ya tonge na tonge akaeleza kwamba programu hii si ya kukodi. Inanunuliwa. Ufunguo huu mdogo ukishauchomeka, michoro ni yako maisha yako yote.

"Maisha yangu yote?" Wagdi aliuliza. "Na nikifa?"

"Atarithi mwanao, Usta."

Bei ilikuwa kubwa kiasi kwamba Wagdi aliacha kula. Mtaa mzima ulikuwa ukitumia nakala za wizi, zilizouzwa kwenye sahani za CD pale nyuma ya kituo cha treni kwa bei ya kilo ya jibini. Insaf ndiye aliyeamua. Alivua bangili zake mbili za harusi, akaziweka mezani kando ya mifupa ya bata. "Baba Safwat," alisema, "wewe hujawahi kuiba hata msumari kwenye karakana ya mtu. Usianze leo." Stampa zote za zamani zikateremshwa ukutani ili meza ya kompyuta ipate nafasi, na Insaf akazifanya paa la banda la njiwa.

Mwaka uliofuata ilikuja karatasi: ada ya matengenezo ya mwaka. Wagdi hakuona neno baya hapo. Mashine ina matengenezo yake. Akalipa. Kisha akafanya kitu ambacho mtaa ulimcheka kwacho miaka mingi: alifuta vumbi kwenye kompyuta, akaondoa makaratasi kwenye kiti cha pili, akamwambia Insaf aweke majani ya chai karibu, akangoja fundi aje. Alingoja wiki, alingoja mwezi. Mwishowe akapiga simu.

"Bashmuhandisi, fundi wako yuko wapi? Kama amepotea njia mwambie nyumba ni ya pili baada ya msikiti."

"Fundi gani, Usta?"

"Wa matengenezo. Nimeshalipa."

Tamir alicheka mpaka akakohoa. Alieleza kwamba haji mtu. Matengenezo maana yake ni kwamba toleo jipya likitoka utalipata.

"Na hili nililo nalo lina ugonjwa gani?"

"Halina ugonjwa."

"Basi mwambie huyo fundi asiyekuja apumzike," alisema Wagdi, na tangu siku ile hakulipa tena. Hakuwa amekosea hesabu. Alifanya kama alivyofunzwa: mashine ilikuwa nzima, mkono uliopata mafuta haukuwepo. Akachora, akachora, na programu haikukohoa hata mara moja mpaka siku ile ya umeme.

Kwa hiyo Jumapili alivaa koti na kwenda Dumyati Mpya, kwenye ofisi ya Tamir. Tamir alikuwa ameota tumbo na kupoteza nywele. Hewa ya ofisi ilikuwa baridi kama chumba cha samaki, na ukutani kulikuwa na picha ya vijana wa kizungu wanaocheka mbele ya kompyuta.

"Usta Wagdi! Mteja wetu wa zamani!"

"Wa zamani kama toleo langu," Wagdi alijibu, akaketi. "Nimekuja unifungulie mlango. Nina kazi."

Tamir alitazama kioo chake, akagonga-gonga, akavuta mdomo kama daktari. "Ulikatiza matengenezo, Usta."

"Nilikatiza kwa sababu hapakuwa na cha kutengeneza."

"Ndiyo. Lakini ulikatiza."

"Bashmuhandisi, niambie kwa lugha ya mtaani. Nifanye nini nifungue mchoro wangu mmoja? Sitaki matoleo. Sitaki rangi mpya. Mchoro mmoja, niutoe, niondoke."

Kulikuwa na njia mbili, Tamir alisema. Ya kwanza ni kurudi kwenye matengenezo. Hapo atalipa miaka yote aliyoruka, na faini ya kuruka, halafu ndipo apewe bei nafuu ya kupanda toleo jipya. Bei nafuu hiyo ni kwa wateja waaminifu tu.

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mteja aliyekatika."

Njia ya pili ni kukodi. Siku hizi kampuni haiuzi tena, inakodisha. Unalipa mwaka kwa dola, na mwaka ukiisha usipolipa, inajifunga. Akaandika bei kwenye kipande cha karatasi na kumsogezea. Kwa jinsi pauni ilivyoporomoka, kodi ya mwaka mmoja ilikuwa inameza vitanda vitatu kati ya kumi vya Bi Ulfat, na ile njia ya kwanza ilikuwa inavimeza vyote pamoja na magodoro.

Wagdi aliitazama ile karatasi bila kuigusa. "Hii miaka niliyoruka. Mlinipa nini ndani yake?"

"Matoleo mapya yalitoka kila mwaka."

"Sikuyaona. Sikuyagusa hata kwa kidole. Mnanidai sahani ya harusi ambayo sikula?"

"Ulialikwa, Usta. Hukuja."

"Sikuja kwa sababu nilikuwa nyumbani nafanya kazi!" Sauti yake ilipanda, na msichana wa mapokezi akachungulia. "Ulikaa kwenye mkeka wangu. Ulikula bata wa mke wangu. Ulisema maisha yangu yote. Mimi niko hai, Bashmuhandisi! Nitazame! Nakohoa, napumua, mgongo unaniuma. Nani amekuambia nimekufa?"

"Leseni yako ni ya maisha, hakuna anayekataa," Tamir alisema, na uso wake ulikuwa na upole wa mtu aliyesema maneno hayo mara nyingi. "Ila mtambo wa kuitambua leseni ndio uliozimwa. Kule kwao. Si mimi."

"Yaani nyumba ni yangu, ila mlango mmeujenga matofali."

"Kisheria nyumba ni yako kabisa."

Wagdi alisimama. Angependa kupasua kitu, lakini ofisi ile haikuwa na kitu cha mbao. Yote ilikuwa plastiki. "Usta Gharib Mungu amrehemu," alisema, "alikuwa akirudi kwa mteja bure mpaka kiti kisimame. Ninyi mnazima taa nikiwa ndani, halafu mnaniuzia kiberiti."

"Zama zimebadilika, Usta."

"Zama hazikubadilika zenyewe. Kuna mtu alikaa mezani akaandika bei hii. Ana mama, amekunywa chai asubuhi, akaiandika. Usiniambie zama."

Habari zilimtangulia mtaani. Alipofika karakana ya Zaghlul, mwenye mashine ya kuchonga iliyokuwa ichonge wale kware, wanaume waliokuwa wakila maharage kwenye benchi walimpokea kwa kelele.

"Amekuja mnunuzi!" mmoja akapaza sauti. "Mpisheni, huyu ndiye peke yake Dumyati nzima aliyelipa!"

"Usta Wagdi, fundi wa matengenezo ameshafika?"

"Yuko Damasko, amekosa gari."

Zaghlul aliwanyamazisha kwa mkono uliojaa vumbi la mbao. Alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye haraka, na mashine yake ilikuwa kama jini: unaipa faili, inachonga mchana kutwa. Bila faili ilikuwa meza tu. Alimvuta Wagdi pembeni.

"Sikiliza, Baba Safwat. Mimi nina programu hiyohiyo, toleo la mwaka huu, kufuli limevunjwa. Haijaniomba hata senti. Leta michoro yako hapa, tutafungua sasa hivi, tutahifadhi upya, kware wako wataanza kuchongwa kabla ya adhuhuri. Nani atajua?"

Hapo ndipo hasira ya Wagdi ilipogeuka na kuwa kitu kingine, kizito zaidi. Alisimama katikati ya wezi wale wachangamfu, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kupokea karatasi ya matengenezo, hakuna aliyefungiwa, hakuna aliyetozwa faini kwa miaka yoyote, kwa sababu majina yao hayakuandikwa popote. Programu zao zilikuwa hai na nzima. Yake peke yake, ile iliyolipwa kwa bangili, ndiyo iliyokufa. Kama mtu angetaka kuwafundisha vijana wa Dumyati kuiba, asingepata shule bora kuliko ile.

"Nitafikiri," alisema.

"Ufikiri nini? Bi Ulfat hatafikiri. Amekwisha kuuliza duka la barabarani bei ya vitanda vya kawaida."

Usiku ule hakufikiri. Alilala kama gogo, amechoka. Asubuhi, mezani, alimweleza Insaf yote. Insaf alikuwa akikata tango kwenye jibini na hakukatiza.

"Mchoro ni wako?" aliuliza mwishoni.

"Wangu."

"Kabati langu likijifunga na ufunguo wangu ukakataa, nikaita mtu avunje kufuli, nimeiba nguo zangu?"

"Hapana."

"Basi mpe Zaghlul."

Wagdi alisukuma sahani. Alijua kwamba anachosema mkewe ni kweli, na hilo ndilo lililomuudhi. "Nikifanya hivyo, Mama Safwat, basi wale kwenye benchi walikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Kosa langu lilikuwa kununua. Na zile bangili zilikwenda wapi? Nilizitupa mtoni?"

"Bangili zilikuwa zangu," Insaf alisema polepole. "Nami sikumpa Tamir kwa ajili ya Tamir. Nilitaka usione haya ukipita mtaani. Sasa kama ukitumia ya Zaghlul utaona haya, usitumie. Kama hutaona haya, tumia. Lakini usikae hapa ukaninung'unikia kama tumbo linalouma."

Aliinuka, akavaa viatu. Hakwenda kwa Zaghlul, wala kwa Tamir. Alipitia dukani akanunua karatasi za kahawia za kufungia nyama, gombo zima, na kwa muuza kahawa akaokota vipande vya mkaa, akapanda gari kwenda Ras el-Bar.

Bi Ulfat alimkuta mlangoni akiwa na gombo begani. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. "Usta, umeniletea nyama?"

"Nimekuja kuchukua kware wangu. Wamefungiwa kule kwangu. Naomba nichukue kutoka hapa."

Alimweleza. Bi Ulfat hakuelewa habari za toleo na leseni, lakini alielewa kufungiwa nje ya kilicho chako, kwani alikuwa amegombana na shemeji zake mahakamani juu ya nyumba hiyohiyo. Alimfungulia chumba cha chini, akaondoa mito. Wagdi akapiga magoti juu ya godoro kwa soksi, akatandaza karatasi juu ya ubao wa kichwani, Bi Ulfat akashika kona mbili, na mkaa ukaanza kwenda na kurudi. Kware wakatoka polepole, weusi, kwanza tete, kisha jicho, kisha ule mgongo wa yule aliyejificha. Tangu atoke kwa Usta Gharib alikuwa hajashika mkaa. Alipima kina kwa waya, akaandika pembeni. Mahali ambapo hewa ya chumvi ilikuwa imekula ubawa, alichora mwenyewe, na kidole chake kikakumbuka jinsi ubawa ulivyokuwa unakwenda.

"Na ile mashine itakula karatasi?" Bi Ulfat aliuliza.

"Haitakula. Watachonga watu."

Wachongaji wa mkono walikuwa wamebaki wawili tu. Ndugu wawili wa mtaa wa nyuma ya soko la samaki, Usta Abdu na Usta Rizq, ambao wakati fulani karakana kumi ziliwagombania na sasa walikuwa wakichonga fremu za vioo kwa ajili ya watalii. Walitandaza karatasi sakafuni, wakaizunguka wakiwa wamechutama. Rizq, mwenye mdomo mkali, akasema, "Huyu wa nyuma kwa nini hataki kutuangalia?"

"Ana madeni," Abdu akajibu.

Walikubali. Lakini mikono miwili na mikono miwili si mashine. Kabla ya msimu wangeweza kumaliza vitanda vinne, si zaidi, na bei yake ilikuwa juu. Wagdi alimpigia Bi Ulfat simu akamwambia ukweli wote bila kuupaka sukari. Ikasikika sauti ya ufagio ukiburuzwa.

"Vinne nitachukua," alisema. "Sita nitanunua vya dukani. Nisamehe, Usta. Wageni wangu wanalipa kabla, siwezi kuwalaza chini."

"Huna kosa, Bi Ulfat. Mwenye kosa simjui hata jina."

Vitanda sita vya kubandika vikaenda Ras el-Bar kwenye lori la duka la barabarani, vimefungwa kwa plastiki, na Wagdi aliliona lori likipita alipokuwa amesimama nje ya karakana ya ndugu wale. Alirudi ndani, akashika taa karibu na mkono wa Abdu, kwa sababu macho ya Abdu yalikuwa yanamshinda hata mchana.

Wakati vitanda vinne vikipakwa rangi, Tamir alipiga simu. Kampuni ilikuwa imetangaza msamaha kwa wateja waliokatika, mwezi mmoja tu: faini inapunguzwa nusu.

"Msamaha?" Wagdi alisema. "Nani kamkosea nani?"

"Ni fursa, Usta. Michoro yako yote iko mle."

"Najua iko wapi. Sikiliza, Bashmuhandisi. Sitaki punguzo. Nataka jina langu litoke kwenye vitabu vyenu. Mnifute."

Tamir alivuta pumzi. Wagdi alisikia vidole vikigonga. "Kujifuta inabidi uingie mwenyewe kwenye akaunti yako, Usta. Na akaunti yako imefungwa."

"Imefungwa kwa nini?"

"Kwa sababu ya matengenezo."

Wagdi aliweka simu juu ya meza na kuiacha pale ikizungumza peke yake. Insaf, aliyekuwa akisikiliza, alisubiri mumewe apige kelele. Hakupiga. Aliigeukia kompyuta, ambayo mle ndani yake kulikuwa na vyumba vya maharusi mia kadhaa, kitanda hadi kabati, kila kimoja akiwa amekichora kwa mkono wake, akikumbuka mama wa bibi harusi alibishana nini juu ya droo.

"Unawakumbuka?" aliuliza.

"Kina nani?"

"Wanawake waliochukua vyumba vyangu. Unawajua wanakaa wapi?"

Insaf aliwajua karibu wote. Alikuwa amekwenda kwenye harusi zao, alikuwa amewapeleka sukari walipojifungua. Wakaanza na mtaa wa karibu, wawili pamoja, na karatasi za nyama na mkaa, kwa sababu mwanamume haingii chumba cha kulala cha mwenzake peke yake, na hata akiwa na mkewe inabidi ajieleze vizuri.

"Unataka kupima kitanda changu?" mume mmoja, dereva wa lori, aliuliza huku ameshika kitasa. "Kina kosa gani?"

"Hakina kosa, mwanangu. Kitanda ni chako. Ni mchoro ninaoutafuta."

"Mzee, una akili timamu?"

"Ana akili, amenyang'anywa tu," Insaf alisema, akapita chini ya mkono wa dereva akiita jina la mke wake, na mke akatokea jikoni na mikono ya unga, akacheka, akamkumbatia.

Wengine walifungua. Wengine walisema waje baada ya sikukuu. Mmoja alikuwa ameuza kila kitu ili mumewe aende Kuwait. Mwingine alipewa talaka na chumba kikaondoka naye, hakuna ajuaye wapi. Nyumba mbili zilikuwa zimebadilisha vitanda na kuweka vya kubandika, na wenyewe waliona haya kumwambia. Kila jioni Wagdi alirudi na gombo moja, au bila gombo, vidole vyeusi kwa mkaa, na kila jioni alimtukana yule mtu asiyemjua aliyeandika bei ile mezani. Alikuwa anajua kwamba michoro mingi haitarudi. Makabati makubwa hayaingii kwenye karatasi ya nyama. Viti vya sebule ya jaji aliyehamia Iskandaria vimekwenda moja kwa moja.

Mtaa wa pili, jirani na kinu cha zamani cha mchele, mlango wa ghorofa ya tatu haukufunguliwa. Ndani walisikia redio.

"Wamo," alisema Wagdi. "Hawataki."

"Anaitwa Awatif," Insaf alisema. "Ulimchorea meza ya kujipambia yenye vioo vitatu. Alilia alipoiona." Akakunja ngumi, akabisha tena, kwa nguvu zaidi.